Wakuu naombeni ushauri, nimemfunga mteja wangu mwenyewe mbele ya jaji

Habari za jioni wakuu. Mi ni mwanafunzi wa sheria mwaka wa 3 hapa Dar, timu yetu ya watu wanne imepita mchujo wa maandishi kwenye mashindano ya kimataifa ya mahakama ya kuigiza, mambo ya sheria ya ushindani na inayotumika ni ile ya Umoja wa Ulaya. Kesi tuliyopewa ni ya kampuni ya kusafirisha vifurushi yenye asilimia 44 ya soko, imeshusha bei mpaka kampuni ndogo inakaribia kufunga, na mimi ndo msemaji wa hiyo kubwa. Sasa juzi kwenye mazoezi mbele ya walimu sijamaliza hata dakika mbili mmoja akanikatiza, "wakili, mteja wako amelitawala soko au hajalitawala?" Kichwani ikanijia sheria yetu ya ushindani ya Tanzania ya 2003 ilivyotungwa, zaidi ya asilimia 35, nikajibu amelitawala mheshimiwa. Mwalimu akaweka kalamu chini. Hoja yetu ya kwanza kwenye memo, yaani hoja za maandishi tulizowasilisha, ilikuwa hajalitawala! Mwenzangu tunayegawana naye dakika hanisemeshi tangu siku hiyo, na ukweli moyoni hiyo kampuni ndogo naionea huruma. Zimebaki wiki tatu, nifanyeje?

mwanasheria_wa_Temeke: Pole mdogo wangu. Kwanza hata hiyo sheria yetu umeisoma nusu, inataka mambo mawili kwa pamoja, asilimia NA uwezo wa kubana ushindani kwa muda mrefu na bado ukapata faida. Pili kasome kesi ya ndizi ya Mahakama ya Haki ya Ulaya, United Brands ya 1978, usisome muhtasari, soma hukumu yenyewe. Kampuni ilikuwa na kama asilimia 40 mpaka 45 na mahakama haikuishia hapo, iliangalia mashamba yake, meli zake, chapa ya Chiquita, na jinsi mshindani anayemfuata alivyoachwa mbali. Na kabla ya yote wakabishana soko ni lipi, ndizi peke yake au matunda yote? Mahakama ikasema ndizi ni soko lake maana ni laini, haina mbegu, mtoto mdogo na mgonjwa na mzee wanaila bila shida. Sisi tuliolishwa ndizi utotoni tunaielewa hiyo hoja bila profesa. Sasa nawe jiulize, vifurushi vya nani, vya mjini kwa bodaboda au vya mikoani kwa basi? Ukilipanua soko hiyo 44 inashuka yenyewe.

dadaB: Naongezea, kesi ya AKZO ya 1991 ndo inasema asilimia 50 peke yake inatosha kuonyesha kampuni imetawala isipokuwa kuna mazingira ya kipekee. Wewe una 44, upo chini, kwahiyo mzigo wa kuleta ushahidi mwingine ni wa mlalamikaji. Na hiyohiyo AKZO inakusaidia kwenye bei, kuuza chini ya wastani wa gharama zinazobadilika (zile zinazopanda na kushuka kulingana na wingi wa kazi) ndo kosa linalodhaniwa moja kwa moja, ukiwa juu ya hapo lakini chini ya gharama zote lazima wathibitishe mpango wa kumuua mwenzio. Hesabu za mteja wako zipo kwenye kiambatisho? Zikariri kama namba yako ya simu.

dadaB: Halafu jaji akikuuliza, jibu ndiyo au hapana kwanza, sababu, kisha ukurasa. Hujui? Omba sekunde tano unyamaze, hawakasiriki, wanakasirika ukibabaisha.

Mtoto wa Mbagala: Kwenye huruma nakupinga ndugu. Mama yangu anauza vitenge anatuma mikoani, bei ya mzigo ikishuka anakula faida sisi tunasoma. Msemee huyo mama, utaona maneno yanakuja yenyewe.

Mleta mada: Asanteni sana, nimekaa mpaka saa nane usiku na hukumu ya ndizi. Nimemtafuta mwenzangu nikamwomba radhi, kakubali ila kasema kesho yeye anakaa kiti cha jaji na ananikatiza kila sentensi. dadaB, gharama zipo, bei yetu ipo juu ya zile zinazobadilika lakini chini ya jumla, na kuna barua pepe moja ya meneja inasema "tuwamalize kabla ya Desemba". Hiyo naigusa mwenyewe au nasubiri waniulize?

dadaB: Iguse mwenyewe, mapema. Njoo inbox nikuonyeshe namna.