Wakuu, nataka mausi iwe nyepesi juu-chini tu, kulia-kushoto ibaki ilivyo

Mkali wa Kihonda: Habari za jioni wakuu. Nacheza PUBG ya kompyuta, lile gemu la kupigana risasi, mausi iko DPI 800 (kipimo cha wepesi wake). Kugeuka kulia na kushoto niko sawa kabisa, hapo sitaki kugusa. Shida ni juu-chini: nikimwaga risasi, bunduki yangu ya Beryl inapanda, navuta mausi chini lakini haitoshi, risasi zinaishia angani. Naongezaje sensitiviti ya juu-chini peke yake? Jumamosi nina mashindano, nimekwama kweli.

Dume la Msamvu: Achana na Beryl mkuu, shika M416. Mimi nimeshika hiyo tangu gemu likiwa la kulipia, kabla halijawa bure Januari 2022. Tulichanga wana wa chuo tukanunua akaunti moja, tunapokezana mpaka alfajiri, anayekufa anampisha mwenzake. Kuna jamaa alikuwa anajificha bafuni kwenye gemu ili zamu yake isiishe!

Mzee wa 762: Beryl haina kosa. Funga kompensata (kifaa cha kupunguza mruko) mdomoni na mshikio wa wima chini ya mtutu, itatulia. Ukija kwenye swali lako, setingi za PUBG zina kizidisho cha wima, kipo hapohapo kwenye sensitiviti za mausi. Kikiwa 1.0, juu-chini ni sawa na kulia-kushoto. Ukiweka 1.2, mvuto uleule wa mkono unashusha shabaha asilimia 20 zaidi, na kulia-kushoto hakuguswi. Ila ulalo unapinda: ukisogeza mausi kwa nyuzi 45, shabaha itakwenda kama nyuzi 50, na adui anayeteremka mlima huku anakimbia utamkosa mpaka mkono uzoee. Sasa nikuulize, kwa nini chini tu ndiko kukulemee? Pedi ndogo?

Mkali wa Kihonda: Pedi kubwa tu. Nimewaza kununua mausi ya Razer, programu yake ya Synapse inatenganisha X na Y, yaani kulia-kushoto na juu-chini. Muuzaji nimeshamtangulizia kidogo.

Mzee wa 762: Unanunua kitu ambacho gemu linakupa bure. Na huko mnakoshindania watakuruhusu kuweka programu kwenye mashine zao? Tena hujanijibu. Zamani ulikuwa unaivuta vizuri?

Mkali wa Kihonda: Zamani ndiyo. Nilianguka na bodaboda, mkono wa kulia ukafungwa hogo. Limetolewa juzi. Kifundo kikienda pembeni hakina shida, nikikikunja kinakaza na kuuma. Na msiniambie nijitoe. Kiingilio nimelipa, timu ni ya watu wanne, wananitegemea.

Nesi Mstaafu: Mwanangu, hilo ndilo ungeanza nalo. Ukianguka ukajikinga kwa kiganja, kuna kamfupa upande wa kidole gumba huwa kanavunjika. Damu inakafikia kwa shida, kwa hiyo kanachelewa kuunga. Maumivu hayaondoki kwa setingi. Rudi kwa aliyekutoa hogo, aangalie picha, akupe na mazoezi. Vijana mnathamini gemu kuliko viungo vyenu.

Mkali wa Kihonda: Nitarudi mama, Jumatatu. Ikishapita Jumamosi.

Kisiki cha Mpingo: Chai hii wakuu. Huyu huyu aliweka tangazo la mausi ya mkono wa kushoto, akaandika "naitumia mwenyewe". Leo kavunjika kulia na gemu halichezeki? Subirini, zinakuja namba za kuchangia matibabu.

Dume la Msamvu: Ooh! Ndiyo maana alikuwa anaficha ficha.

Mkali wa Kihonda: Ile mausi ni ya mdogo wangu, tangazo aliliweka yeye kwa akaunti yangu. Nimeomba hela ya nani hapa?

Kisiki cha Mpingo: Weka picha ya hogo.

Mkali wa Kihonda: Limekatwa likatupwa, nilibebe nyumbani la nini?

Nesi Mstaafu: Hilo kweli, hatuwapi.

Mzee wa 762: Iwe chai iwe maji, jibu langu ni lilelile kwa yeyote mwenye kifundo kibovu. Ukiongeza kizidisho unapunguza mwendo wa mkono, lakini kila mtetemeko wa kifundo nao unakuzwa. Kwa hiyo usizidi 1.2. La pili, kaza kifundo, laza mkono mzima mezani, mvuto wa chini utoke kwenye kiwiko na bega. Kwa skopu za mbali tumia mikupuo ya risasi mbili tatu, usimwage. Ingia uwanja wa mazoezi leo, piga ukuta, angalia matundu: yakipanda ongeza kidogo, yakishuka chini ya shabaha punguza. Ukisikia maumivu hata kwa kiwiko, mpe mwenzako nafasi, ndiyo maana timu huwa na akiba.

Mkali wa Kihonda: Akiba yetu ni mdogo wangu.

Kisiki cha Mpingo: Yule wa kushoto?

Mkali wa Kihonda: Huyo huyo. Ngoja niingie uwanjani na hiyo 1.2.

Binti Mzinga: Samahani wakuu, na sisi wa PUBG ya simu hicho kizidisho kiko wapi?