Goti la mama "limeisha ute": aache kutembea?

mwana_milima
Wakuu, salaam. Bi mkubwa ana miaka 61, kilo 82. Goti la kulia asubuhi linakaza kama dakika kumi kisha linaachia. Kupanda si taabu sana, taabu ni kushuka, na sisi tupo Lushoto, mteremko kila mahali. Eksirei imeonyesha nafasi ya upande wa ndani wa goti imebana. Mtaani wanamwambia ute umeisha, ale bamia na aache kwenda shamba. Jioni anameza diklofenaki, kidonge cha maumivu. Mwenye ujuzi atusaidie.

fundi_viungo
Ute haujaisha, mkuu. Goti lililosagika mara nyingi lina ute mwingi kuliko kawaida, ndiyo maana huvimba. Kinacholika ni gegedu, ule utando mweupe unaoteleza unaouona kwenye ncha ya mfupa wa paja la kuku. Gegedu haina mishipa ya damu. Hulishwa na huo huo ute, unaoingia na kutoka kama maji kwenye sponji kila mguu unapokanyaga na kuachia. Akikaa kitako, gegedu inakosa chakula na paja linakonda, na paja ndilo linalopokea kishindo. Bamia ni mboga nzuri, ila utelezi wake unaishia tumboni.

Aanze na kukaa na kuinuka. Kiti kigumu kilichoegemezwa ukutani, kimo cha sentimita 45. Goti likilalamika aongeze mto. Mikono kifuani, ainuke, kisha ashuke taratibu kwa hesabu ya tatu. Mara 8 hadi 10, apumzike dakika moja, raundi tatu, siku tatu kwa wiki. Wengi hukosea hapa: wanajitupa kitini. Kule kushuka polepole ndiko kunakolifundisha paja kazi ya mteremko. Na magoti yasiangukie ndani, yaelekee vidole vya miguu.

Siku goti limevimba, alale chali, taulo lililokunjwa chini ya goti, goti likandamize taulo kwa hesabu ya tano, mara 10. Basi.

Maumivu ya 3 kwenye kipimo cha 0 hadi 10 wakati wa zoezi yanavumilika, mradi kesho yake asubuhi yawe yameshuka. Yakizidi apunguze nusu, asiache. Asitegemee nafuu ya maana kabla ya wiki ya sita hadi ya nane.

duka_la_dawa
Mimi hiyo diklofenaki ya kila jioni ndiyo inanitia wasiwasi. Ana presha? Vidonda vya tumbo? Kidonge hiki hupandisha presha, huchubua tumbo na huumiza figo, hasa kikikutana na losartani (dawa ya presha) na dawa ya kukojoa.

Jeli yake ni salama zaidi: gramu 2 hadi 4 gotini, mara 3 au 4 kwa siku. Piga hesabu, tyubu ya gramu 20 haifiki siku nne. Anayepaka tone kama punje ya maharage asiseme dawa haifanyi kazi. Asipake na kumeza kwa pamoja. Na ule unga usio na lebo unaofuta maumivu usiku mmoja, shuku kimechanganywa na steroidi, dawa kali ya jamii ya homoni inayozima uvimbe.

mwana_milima
Presha anayo, anameza losartani. Na mkongojo? Anaushika kulia, upande wa goti bovu.

duka_la_dawa
Basi diklofenaki ya kumeza isimame, losartani aendelee nayo, na figo zipimwe kliniki ya presha.

dada_wa_tiba
Mkongojo ni kushoto, uende mbele sambamba na mguu mbovu. Mkono ukining'inia, kichwa cha fimbo kifike kwenye kifundo cha mkono. Akipanda ngazi, mguu mzima utangulie. Akishuka, fimbo na mguu mbovu. Mteremkoni akate mshazari, hatua fupi.

Kigoda cha jikoni kiondoke leo. Jiko lipandishwe juu ya matofali apikie akiwa kwenye kiti cha kawaida. Kuhusu uzito, kila kilo inayopungua mwilini hulipunguzia goti kama kilo nne kwa kila hatua, kwa hiyo hata kilo tano si haba.

fundi_viungo
Nyongeza: goti likiwa jekundu, la moto, na homa juu, ni hospitali siku hiyohiyo. Likikwama lisinyooke, aonwe na daktari wa mifupa. Na kukaza kwa asubuhi kukidumu zaidi ya dakika sitini huku vidole vya mikono vimevimba, huko si kusagika tena, apimwe baridi yabisi.