Darajani au Marikiti: wapi nikachukue viungo vya harusi?

MpishiWaTanga
Habari za humu wanajamvi. Nina harusi ya kupikia kabla ya Ramadhani: pilau, biriani na samaki wa nazi. Viungo vya madukani huku vinakuja vimeshasagwa, harufu imeshakwenda zake. Tanga niko katikati: naweza kuvuka Horohoro niende Marikiti, Mombasa, au nipande boti mpaka Darajani, Unguja. Bajeti ni ya safari moja. Nataka iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga, bizari nyembamba, zafarani na samaki. Nielekee wapi?

MtotoWaVuga
Njoo Unguja yakhe, hilo nalo la kuuliza? Jengo la Darajani lipo tangu 1904. Vile vikapu vya vipaketi vya rangirangi vilivyopangwa njiani ni vya watalii, vipite. Wewe tafuta magunia na mizani. Karafuu ibonye kichwa kwa ukucha: ukucha ukilowa mafuta, chukua, ikivunjika kavu, mrudishie mwenyewe. Kungumanga nunua iliyo ndani ya ganda, bado imevaa basibasi. Mdalasini chagua ule mwembamba uliojikunja tabaka kwa tabaka, si magome manene kama kuni.

BintiKibokoni
Huyo ataka kukuuzia kisiwa kizima 😂 Karafuu namwachia, haki yake. Lakini pilau ni bizari, na bizari nyembamba hailimwi Unguja wala Pemba. Inaletwa kutoka India na kwingineko, kwao kama kwetu. Sasa kama yote ni ya meli, nenda pale inapotoka haraka dukani. Marikiti (kwenye ramani utaiona Mackinnon) maduka ya viungo yamebanana, na wapishi wa harusi wa Mji wa Kale wanashinda humo, kwa hiyo gunia halikai. Mwambie mwenye duka unapika sufuria ngapi za biriani, atakupimia kila kitu, kisha akusagie mbele ya macho yako. Nawe onja kabla hajafunga. Usione haya, dadangu, hapa watu huonja.

SufuriaKubwa
Nimenunua kote kuwili kwa kazi hii hii. Darajani ni tamu kwa macho, na kwa vitu vya shambani kama kungumanga, mdalasini na vanila siibishii. Kwa biriani ya watu wengi naenda Marikiti.

Ila zafarani angalieni, pote. Ikiuzwa kwa bei ya manjano, hiyo si zafarani, ni ua jingine limekaushwa. Omba nyuzi mbili, zitie kwenye maji ya vuguvugu. Ya kweli hutoa rangi ya dhahabu polepole na uzi wenyewe unabaki mwekundu. Ya uongo maji yanageuka mekundu papo hapo, au uzi unapauka. Muuzaji akikataa kukupa hizo nyuzi mbili, umeshapata jibu.

Na karafuu za Unguja chukua za jikoni tu. Kununua kwa magunia ni kazi ya shirika la serikali, ZSTC. Ukikamatwa bandarini na gunia unaitwa mtu wa magendo.

BahariHaivuli
Mnamsahaulisha samaki. Mama, samaki wa harusi ya Tanga umfuate nje ya Tanga kwa nini, na soko la samaki la Deep Sea unalo hapo? Barafu itayeyuka Horohoro ukiwa bado kwenye foleni. Ongea na wachuuzi wa Deep Sea mapema wakuwekee nguru au kolekole. Ukibadili mawazo ukataka pweza, pangilia siku zako na bamvua, maji yakitoka sana ndipo wanapopatikana kwa wingi.

MtotoWaVuga
Samaki nakubali. Lakini mnada wa asubuhi wa Darajani siku moja aje auone, hata asiponunua kitu.

MpishiWaTanga
Nimewasikia wote, Mungu awabariki. Naenda Marikiti. Karafuu na kungumanga nitamwagiza shemeji yuko Pemba, aje nazo na boti. Da BintiKibokoni, niingie saa ngapi?

BintiKibokoni
Mapema, jua halijawa kali, ukipata nafasi ya kunusa bila kusukumwa. Na usije Ijumaa mchana, wengi hufunga kwenda kuswali, utabaki kibarazani na vikapu vyako. Lala Mombasa ikibidi, usivuke mpaka usiku na mzigo.