Muvi za My Hero Academia: nianze na ipi, na utamu wake hasa uko wapi?

Kijana_wa_Likizo: Wakuu, habari zenu. Mdogo wangu wa miaka 13 anataka likizo hii tutazame muvi zote nne za My Hero Academia, ile katuni ya Kijapani ya vijana wenye nguvu za ajabu wanaosomea ushujaa. Mimi sijaona hata episodi moja. Je, zinaeleweka zenyewe? Na kwa nini zinasifiwa hivyo, wakati nasikia hadithi kuu haibadiliki baada ya muvi?

Mzee_wa_Episodi: Karibu mkuu. Mpangilio kwanza, hapo ndipo wengi wanapokosea. Two Heroes (2018) ni ukimaliza msimu wa pili, episodi ya 38. Heroes Rising (2019) ni baada ya episodi ya 88, mwisho wa msimu wa nne. Shujaa Hawks yumo, naye unamfahamu katika episodi za mwisho kabisa za msimu huo. World Heroes' Mission (2021) iko katikati ya msimu wa tano, mhusika mkuu Deku na wanafunzi wenzake Bakugo na Todoroki wakiwa mafunzoni kwa shujaa Endeavor. Ukiitazama msimu ukishaisha hupotezi kitu.

You're Next (2024) usiiguse kabla ya kumaliza msimu wa sita. Miji imeshabomoka, Deku ana nguvu ambazo hukuona akizipata, na uhondo wa msimu mzima umeisha kabla hujauanza.

BintiShonen: Nijibu la utamu. Ni kweli hadithi kuu haiguswi, lakini uzito wa muvi unatoka kwenye yale unayoyajua tayari. Chukua Two Heroes. Melissa Shield hana nguvu yoyote ya ajabu, yeye ni fundi wa vifaa. Anampa Deku bangili nyekundu inayofunguka na kufunika mkono mzima, na inahimili ngumi tatu tu za asilimia 100, yaani za nguvu zake zote. Aliyemfuata Deku tangu mwanzo anajua ngumi moja ya aina hiyo inavunja mifupa yake, kwa hiyo kila akirusha unahesabu: moja, mbili... Asiyejua anaona glavu. Mwisho inavunjika, ndiyo maana msimu wa tatu hana.

Halafu All Might, shujaa mkuu na mwalimu wa Deku. Saa zake za kupigana kwa siku zinazidi kupungua, na hapo anapigana bega kwa bega na mwanafunzi wake. Episodi ya 49 haiko mbali. Sitasema kuna nini, ila ukifika utairudia muvi.

Kijana_wa_Likizo: Asante dada. Episodi 38 ni nyingi lakini, likizo ni fupi. Hakuna njia ya mkato?

Mzee_wa_Episodi: Ipo, kwa Two Heroes tu. Tazama msimu wa kwanza wote, episodi 13, kama saa tano hivi. Msimu wa pili shika mashindano ya michezo, na episodi ya 23, Deku na Todoroki, usiiruke kwa lolote. Malizia na mafunzo ya shujaa mzee Gran Torino, maana hapo Deku anajifunza kusambaza nguvu mwili mzima badala ya kuirundika kwenye kidole. Usipoiona hiyo, mapigano ya muvi utayaona kama fujo. Kwa Heroes Rising sikushauri mkato. Mwandishi Horikoshi alitoa humo wazo alilokuwa amelifikiria kwa ajili ya mwisho wa manga yake, yaani vitabu vya katuni vilivyozaa episodi hizi, nalo limesimama juu ya miaka yote ya Deku na Bakugo kugombana.

Fremu24: Naongeza kwa Heroes Rising: vaeni hedifoni. Wimbo wa Yuki Hayashi, Might+U, unaingia kwenye pambano la mwisho, na spika za simu zinaumeza wote. Pia simamisha picha pale vifusi vinaporuka. Vipande vingine vimechorwa kama vijisanduku vyenye pembe kali, na hiyo ndiyo alama ya mchoraji Yutaka Nakamura wa studio ya Bones. Mdogo wako akishavijua, atavitafuta kila muvi. Damu ipo ya kutosha humo, kwa hiyo itazame wewe kwanza.