Supu baridi ya nyanya inajitenga, nakosea wapi?

Wapishi, hamjambo. Kwa joto hili la Februari hapa Nairobi natengeneza gaspacho, supu baridi ya Uhispania. Ikikaa saa moja, nyama ya nyanya inaelea na maji yanabaki chini. Dawa ni gani?

JIBU: Dawa ni mkate na mafuta. Kilo 1 ya nyanya zilizoiva kabisa, tango nusu, hoho nusu, punje 1 ya kitunguu saumu, slesi 2 za mkate mkavu bila ganda, siki vijiko 2 vikubwa. Kata, tia chumvi, acha dakika 30 mkate unywe maji ya nyanya. Saga hadi ilainike, kisha mimina mililita 80 za mafuta ya zeituni kidogo kidogo, blenda ikizunguka. Ukiyamwaga kwa pamoja hayashikani.

JIBU: Naongezea: chuja, weka friji saa 4, halafu onja tena, maana baridi hufifisha chumvi. Barafu usitie, itaizimua. Na kwa vile haipikwi, tafadhali osha mboga kwa maji yaliyochemshwa yakapoa.

Asanteni sana. Mkate sikuwa natia kabisa.