Naombeni ushauri: nimpeleke mzee akaone picha ya mfanyabiashara wa 1532?

Mtoto wa Dukani: Habari zenu wakuu. Naishi Berlin, mwezi ujao baba anakuja kunitembelea kwa mara ya kwanza. Mzee aliuza vitambaa Kariakoo miaka mingi sana. Sasa hapa kuna makumbusho inaitwa Gemäldegalerie, ina picha ya Georg Gisze, mfanyabiashara wa Danzig (siku hizi Gdańsk, Poland) aliyekuwa London, kaichora Hans Holbein, na mimi kila nikisimama pale namuona baba, kakaa nyuma ya meza, anafungua barua huku anakutazama kama vile ndo umeingia dukani kwake. Shida mzee anasema picha za kale za Wazungu hazimhusu, na magoti yanamsumbua. Nimlazimishe au niachane nayo? Na nikimpeleka nianzie wapi?

Kaka Mizani: Usimlazimishe, mkuu. Mwambie kuna mwenzake wa biashara. Mkifika nendeni moja kwa moja kwenye hiyo picha, msizunguke vyumba vyote, mtafutie pa kukaa halafu unyamaze, aangalie mwenyewe mizani, funguo, muhuri, sarafu na barua zilizochomekwa ukutani. Muuza duka atavisoma vitu hivyo kuliko sisi.

Bi Karafuu: Mwoneshe na maua ya karnesheni kwenye chombo cha kioo pale mezani. Kijerumani yanaitwa Nelken, na karafuu nayo ni Nelke, neno lilelile! Wengi wanasema ni ishara ya uchumba, maana jamaa alikuwa na miaka 34 hajaoa bado, alikuja kuoa 1535 aliporudi kwao.

Msafiri wa Mbali: Mimi ningeanza na barua. Anuani yake inasema ni ya Georg Gisze, London, Uingereza, na aliyeandika anamwita ndugu yangu. Wajerumani wa Hansa, ule umoja wa miji ya wafanyabiashara, walikuwa na makazi yao pale kando ya Thames, mbali na nyumbani, na ukutani kuna maneno ya Kilatini, hakuna raha isiyo na huzuni. Sisi tulio nje tunalijua hilo, dada, na mzee aliyekusubiri nyumbani analijua zaidi.

Mtoto wa Dukani: Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimempigia jana usiku, nilivyotaja barua kanyamaza kidogo, halafu akauliza huyo ndugu yake alimwandikia nini. Nikamwambia kwenye picha inasomeka anuani tu. Kasema basi atabeba na fimbo yake.