Chumba cha mita 4 kwa 3: SGR ya Mombasa, TAZARA ya mlimani au Kidatu?

Taruma_Kavu
Wakuu, habari za jioni. Nimepata chumba cha nyuma hapa nyumbani, mita 4 kwa 3. Miaka yote nimekuwa nikizungusha treni za mfano kwenye duara, sasa nataka reli ndogo inayofanya kazi: mzigo unatoka mahali, unafika mahali, na kila behewa likisogea liwe na sababu. Vipimo vyangu ni 1:87, yaani kila kitu ni kidogo mara 87 kuliko halisi. Nimebaki na mawazo matatu: treni za makontena za SGR (reli ya kisasa) Mombasa–Nairobi, TAZARA (reli ya Tanzania na Zambia) kati ya Mlimba na Makambako, kwenye madaraja na mahandaki, au Kidatu, pale TAZARA inapokutana na tawi la reli ya kati linalotoka Kilosa. Mngechagua lipi? Uzuri wa mandhari nishauona kote. Ninachotafuta ni kazi.

Pwani_Relini
Mimi ni wa Voi, SGR inapita karibu na kwetu na naipenda sana, lakini nitakwambia ukweli. Treni ya makontena inapakiwa bandarini, inakwenda nzima hadi bandari kavu ya Embakasi, halafu inarudi. Njiani haiachi behewa wala haichukui. Kwa kuwa njia ni moja, kazi ya huku katikati ni kupishana tu: mmoja anaingia pembeni, anangoja, mwenzake anapita. Halafu kuna urefu. Treni ya mabehewa 54 inapita mita 700, ambazo kwako ni zaidi ya mita 8. Ukiikata ibaki mabehewa kumi, haiwi tena ile treni.

Ukitaka Kenya, afadhali urudi nyuma hadi miaka ya 1950, enzi za Garratt, vichwa vya mvuke vya daraja la 59. Zilikuwa 34, zilitengenezwa na Beyer Peacock kule Manchester na kupewa majina ya milima. Mbili bado ziko makumbusho ya reli Nairobi.

GadiMstaafu
Mdogo wangu Taruma, nimekuwa gadi, yaani msimamizi wa treni, kwenye treni za mizigo miaka mingi, acha nikwambie niliyoyafanya kwa mikono yangu. Treni ya mizigo huharibikiwa yadini kabla haijaondoka. Mabehewa yanapangwa kwa kufuata stesheni: la kuachwa mwanzo likae mahali ambapo kichwa cha treni kitalikata bila kusumbua mengine. Usiku mmoja tulikabidhiwa treni ambayo behewa la saruji la stesheni ya kwanza lilikuwa limechomekwa katikati. Tukakata nyuma yake, tukavuta mbele, tukalisukuma njia ya pembeni, tukarudi kuunga. Kisha hewa! Ukishaunga mipira ya breki, dereva anangoja presha ifike behewa la mwisho, na mimi natembea na taa hadi mkiani kuangalia breki zinashika na kuachia. Saa mbili zikaliwa na behewa moja. Treni ya abiria ikakwama stesheni ya mbele, maana tulikuwa tumeziba njia zote mbili.

Kwa hiyo kwenye meza yako, ukiunga treni usiondoke papo hapo. Ngoja dakika kadhaa. Na behewa la mwisho liwe na taa ya mkia, kwa sababu stesheni masta haachii njia kwa treni nyingine mpaka aione taa hiyo. Ndiyo inayomwambia kwamba treni imefika nzima.

Mimi nasema Kidatu. Shantingi (kusogeza na kupanga mabehewa) ya kutosha, nafasi ndogo.

Mlimba_Juu
Shikamoo mzee Gadi. Kwa heshima zote, hapa napingana nawe. TAZARA ina kilomita 1,860, na mtu anakwenda kujenga ncha ya tawi? Mlima nao ni kazi. Shaba inashuka kwenda Dar, mbolea inapanda, na uzito ambao kichwa kimoja kinauvuta tambarare hakiuwezi kule juu. Taruma akikiwekea kila kichwa kikomo, tuseme mabehewa saba, treni ya mabehewa kumi itabidi iongezewe kichwa au igawanywe, sehemu moja ibaki Mlimba ikingoja kufuatwa. Hesabu hiyo ni tamu.

GadiMstaafu
Marahaba. Hesabu ni tamu, nakubali, ila mlima unahitaji urefu wa kupandia. Kwenye mita 4 utapanda nini?

Kipimo_Sahihi
Naongeza jambo moja kuhusu Kidatu. Upana wa reli ya TAZARA ni milimita 1,067, wa reli ya kati ya zamani ni 1,000. Behewa haliwezi kuvuka, mzigo ndio unaovuka. Lakini kwa 1:87 tofauti hiyo ya milimita 67 inakuwa chini ya milimita moja, jicho haliioni! Tandika reli ya milimita 12 pande zote mbili, pointi (reli za kuchepushia treni) za aina moja, magurudumu ya aina moja. Sharti ni moja tu: usiziunganishe kamwe. Jukwaa likae katikati, TAZARA huku, Kilosa kule. Mzigo wa kusini unaokwenda Tabora, kisha Kigoma au Mwanza, ushuke behewa moja upande jingine. Na kiwanda cha sukari cha Kilombero kiko huko huko, kwa hiyo tawi lina mzigo wake lenyewe.

Taruma_Kavu
Shikamoo mzee Gadi, na asanteni nyote. Hiyo milimita moja imenimaliza. Ni Kidatu. Upande wa dirisha njia tatu za TAZARA, upande wa ukuta mbili za Kilosa, jukwaa katikati lenye nafasi ya mabehewa manne kila upande. Mlimba_Juu, kikomo chako cha mabehewa saba nakichukua. Mzee, swali: behewa la TAZARA likishapakuliwa, lingoje mzigo wa kurudi au liondoke tupu?

GadiMstaafu
Kama hati ya mzigo wa kurudi ipo, lingoje. Kama haipo, liondoke na treni ya kwanza, maana linaziba nafasi ya behewa lililojaa. Liandikie kadi mbili, ya kujaa na ya utupu, na kabla ya kuligusa soma kadi kwanza.